Alama kwenye Mishale ya Baba

Wiki iliyopita mwanangu aliingia jikoni na simu mkononi. "Mama, ungekuwa wewe ungechagua upi?" Nikadhani ni mkoba. Kumbe ni pinde, zile za kigeni zinazolazwa juu ya kitako kama bunduki, nyeusi, zenye darubini ndogo juu na chuma cha kukanyagia mbele. Zilikuwa zimepangwa kwenye kioo cha simu, na maneno chini yake yalieleza upi unafaa kwa kulungu, upi ni mwepesi, upi hauna kelele. Nilimwambia aondoe hicho kitu jikoni kwangu. Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki nikiosha vikombe vilivyokuwa visafi tayari, nikatoka nje, nikarudi, nikafungua kabati nisijue natafuta nini, na vitunguu vikaungua mpaka jirani akaniuliza kupitia dirishani kama niko salama.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nasimama, nikilala nageuka. Nimeona heri niandike, maana mficha uchi hazai, na hili nimelificha hata kwa mume wangu, ambaye anajua mambo yangu yote mpaka meno niliyong'oa.

Baba alirudi kutoka jeshini nikiwa darasa la tatu. Tuliishi Munkunyu, si mbali na mpaka wa Kongo, pale mashamba ya pamba na mahindi yanapokaribiana na vichaka vya hifadhi. Alirudi na sanduku la bati, bega la kulia lililokataa kunyanyuka kupita kifua, na kusahau. Bega tulilizoea kwa juma moja. Kusahau hatukukuzoea. Alikwenda kukata kuni akarudi mikono mitupu, panga limebaki msituni pamoja na kuni. Alitia chumvi kwenye maharagwe ambayo mama alikwisha kuyatia chumvi. Aliniita kwa jina la dada yangu aliyeolewa Ibanda, kisha akanitazama kwa hofu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hofu hiyo ilinitia wasiwasi kuliko kusahau kwenyewe. Daktari wa kambini alikuwa amemwambia kwamba kishindo cha bomu hukaa kichwani, kwa wengine kinapungua, kwa wengine kinaongezeka, na hakuna wa kujua mapema. Baba alikuwa anangoja kujua yeye ni wa kundi gani. Sote nyumbani tulikuwa tunangoja.

Watu wa kijiji hawakungoja. "Kichwa cha Bwambale kimebaki jeshini," walisema kisimani, tena mbele yangu, kana kwamba mimi ni mtungi. Mama aliniita nyuma ya jiko akanipa kazi. "Wewe una kichwa chepesi. Fuatana naye kila aendako. Akisahau umkumbushe, lakini polepole, asione aibu." Basi nikawa kumbukumbu ya baba yangu. Nyumbani tulisema Kikonzo, ila baba akitaka mzaha au akikasirika alirukia Kiswahili cha kambini, na mimi nilikipata kutoka kinywani mwake kabla ya mwalimu yeyote. Nikisema, "Afande, panga," alijibu, "Ndiyo, sajini," akarudi kulichukua. Nilivimba kichwa kwa cheo hicho. Watoto wenzangu walikuwa na mipira ya matambara, mimi nilikuwa na mtu mzima mzima.

Sasa, uwindaji. Ulikatazwa, na kila mtu alijua umekatazwa, kama kila mtu alivyojua waragi, pombe kali ya kienyeji, umekatazwa na bado ulipikwa. Kulungu wakizidi kuingia kwenye maharagwe, wanaume walitoka na mbwa. Kiongozi wao alikuwa baba mkubwa Baluku, kaka yake baba, mwenye mbwa sita na miguu mirefu. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, iliyokatwa kwa kisu kwenye mti wa mshale, karibu na chuma. Yetu ilikuwa mikato mitatu inayokutana, tuliiita mguu wa kuku. Mnyama akianguka, mshale unachomolewa, alama inasomwa mbele ya wote, na mwenye mshale wa kwanza anapewa kidari na ngozi. Mshale usio na alama haukuwa na mwenyewe, hata kama watu mia wamemwona aliyeupiga. Nyama yake ilikwenda kwa mwenye mbwa. Na aliyeupiga alihesabiwa kuwa mwizi au mtu asiye na akili timamu, kwa sababu alama ndiyo kitu cha kwanza mvulana alichofundishwa, kabla hata ya kulenga.

Baba kwa bega lile hakuweza kuvuta upinde na kuushikilia. Katika msako wa kwanza tangu arudi, Baluku alimweka pamoja nasi watoto, kupiga madebe ili wanyama wakurupuke. Hakufanya kwa ubaya, nadhani. Baba alipiga debe siku nzima bila kumtazama mtu. Jioni alimwambia mama, kwa Kiswahili, "Mimi nimepiga debe. Leo mimi nimepiga debe na watoto." Hakula.

Ni wachuuzi wa chumvi wa Kabatoro waliomwambia habari za Papa Donasiani. Huyu alikuwa seremala, mkimbizi kutoka Kongo, aliyekuwa na kibanda Bwera karibu na soko la mpakani. Hakuwa Mnande, watu ambao lugha yao ni ndugu na yetu, kama wakimbizi wengi wa pale. Alitoka ndani zaidi, kwenye msitu mkubwa, hivyo Kikonzo chetu hakikumfaa kitu na watu walisikilizana naye kwa Kiswahili cha Kongo. Walisema anatengeneza viti mbele ya kibanda na pinde nyuma yake, pinde za kitako, ambazo hazihitaji bega.

Siku ya soko baba alifunga bonge la chumvi kwenye baiskeli, akanipakia juu yake, tukaenda. Kila baada ya kilima aliuliza, "Chumvi iko?" Nami niliyeikalia nilijibu, "Iko, afande." Mara ya nne aliuliza huku anacheka, nikajua anatania, nikafurahi kupita kiasi.

Papa Donasiani alikuwa mzee mfupi mwenye rozari shingoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimtazama baba begani kabla ya usoni. Akatupeleka nyuma, akatoa pinde tatu kutoka chini ya gunia.

"Njo hizi tatu tu. Chagula, Papa. Lakini usichagule na macho. Batu bananunua na macho, kisha banarudi kunitukana."

Baba, bila shaka, alichagua na macho. Alinyakua mkubwa. Ulikuwa na kitako kilichonakshiwa na kung'arishwa mafuta, na mimi pia ningeuchagua. Aliukanyaga, akavuta kamba kuelekea kwenye kijino cha kuishikia. Ilifika nusu. Bega likakataa, kamba ikarudi ikamchapa vidole, akavifyonza kama mtoto. Nilitazama pembeni.

"Ule iko upinde ya kiburi," alisema mzee bila kucheka. "Niliutengeneza kwa kuonyesha batu. Hauyaua hata kuku."

Wa pili ulikuwa mwembamba. Baba aliuvuta kwa mkono mmoja, akatabasamu, akaweka mshale mfupi, akafyatua kwenye shina la mgomba. Mshale uliingia urefu wa kidole, ukaning'inia.

"Unaona? Huyu kulungu hatakufa. Atakimbia na mushale yako mupaka kwetu kule Kongo, atakufia mu pori kwa maumivu, na weye utalala na njaa. Iko zambi."

Wa tatu ulikuwa mbaya, jamani. Kitako kilikuwa kimepasuka na kufungwa waya, mbao mbili za rangi tofauti. Kamba yake ilikuwa ya mishipa ya ng'ombe iliyosokotwa na kupakwa nta, na harufu ya nta hiyo, tamu na nzito, ndiyo ninayoisikia mpaka leo fundi viatu akipitisha uzi wake. Mzee alimwambia baba auweke chini na kuukanyaga kwa miguu yote miwili.

"Mukono uache. Vuta na mugongo, sawa unatosha mutu mu shimo." Yaani kama unayemtoa mtu shimoni.

Baba aliinama, akashika kamba kwa mikono miwili, akanyooka polepole. Kamba ilipanda, ikapanda, ikaingia kwenye kijino na kukaa. Akauinua. Akabaki amesimama, upinde umevutwa kabisa, na mikono yake haikutetemeka, kwa sababu mti ndio ulioshika kamba na si yeye. Nilimwona akigundua hilo. Alisimama hivyo muda mrefu, akiuelekeza huku na huku, bila haraka.

"Sasa unaweza kungoja," mzee alisema. "Upinde ingine inakuchokesha. Hii inakungojea."

Mshale uliingia kwenye mgomba mpaka mkiani. Baba akaniambia, "Sajini, unaona nini?" Nikamwambia hauonekani. Tulimpa mzee chumvi, akatupa upinde na mishale mifupi saba isiyo na alama. "Alama mutaweka benyewe," alisema. "Mimi siko mu nyumba yenu."

Kesho yake, jua likiwa bado juu, baba alikaa uani akachora alama. Alikata mara tatu kwenye kila mshale, akihesabu kwa sauti, kisha akanipa nipulize vumbi. Mishale saba, mikato ishirini na mmoja. "Zote?" aliuliza. "Zote, afande." Akaitia kwenye podo, chuma chini, alama zikiwa ndani. Alinisugua kichwani kwa kiganja chake chenye harufu ya nta, nami nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Munkunyu, kwa siku mbili.

Siku ya tatu askari wa hifadhi walimchukua jirani yetu, baba yake rafiki yangu. Kulungu aliyejeruhiwa alikuwa amekimbilia hifadhini akafa na mshale ubavuni. Nilisikia wanawake wakisema, "Alama ndiyo iliyomponza." Baadaye nilielewa kwamba kuna mtu wa kijiji aliyeitambua alama na kuwatajia askari. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na kitu pekee nilichokijua cha serikali kilikuwa daftari la mahudhurio shuleni. Nikaamini kabisa kwamba askari wana daftari kubwa ambamo alama za nyumba zote zimeandikwa, kila moja na jina la mwenye nyumba mbele yake. Niliuona ukurasa wetu kwa macho yangu. Mguu wa kuku, kisha Bwambale, kisha alama ya vema kwa wino mwekundu.

Sikulala. Nilimwuliza baba, "Ukienda utarudi?" akajibu, "Mimi iko na upinde sasa," kana kwamba hilo ni jibu. Kumwambia asiende sikuweza, mimi niliyemwona akisimama nyuma ya kile kibanda.

Jumapili nikajifanya tumbo linaniuma. Wakaenda misa. Nikafunga mlango, nikashusha podo, nikatoa wembe wa mama. Mti wa mishale ile ulikuwa umechongwa kwa kisu tu, haukusuguliwa, kwa hiyo mchongo mmoja zaidi usingeonekana. Nilikwangua alama moja baada ya nyingine, vidole vikinivuja damu, nikipapasa mpaka pawe laini, kisha nikapaka masizi. Nilimaliza kabla ya kengele ya mwisho. Niliirudisha mishale kama ilivyokuwa, nikalala kitandani, na nakuapia, nilijiona nimeokoa nyumba yetu yote. Mama aliporudi alinipikia uji wa tangawizi kwa ajili ya tumbo, nikaunywa bila haya.

Msako ulikuwa Jumanne, alfajiri hadi saa nne. Sisi watoto tulipanga mstari na madebe yetu, na baba akapita mbele yetu na upinde wake mbaya, akiwa kati ya wanaume. Wengine walimcheka. "Bwambale, hicho ni kitanda au silaha?" Aliendelea kutembea. Baluku alimweka mwisho kabisa, karibu na korongo, mahali ambapo mnyama hapiti.

Kulungu akapita hapohapo. Dume, mwekundu, na madoa meupe ubavuni. Mbwa walimkosa, mishale mitatu ilimkosa, kisha nikasikia mlio mkavu, kama mlango uliofungwa na upepo. Mnyama alipiga hatua mbili akakaa chini. Tuliangusha madebe tukakimbia. Baba alikuwa amesimama wima, upinde mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa zile picha alizotutumia kutoka jeshini. Wanaume walimpiga mgongoni, wakimkwepa begani. Mmoja akasema, "Huyu ndiye Bwambale tunayemjua."

Baluku alichomoa mshale. Akaufuta kwa majani, akaugeuza, akaugeuza tena. Akaukwangua damu kwa ukucha. Watu walianza kusogea, wa karibu kwanza.

"Bwambale, alama iko wapi?"

Baba alicheka kidogo. "Nilichora."

"Iko wapi?"

Baba aliuchukua mshale akautazama. Akatoa mwingine kwenye podo, akautazama, na mwingine, na mwingine, mpaka yote ikawa chini kwenye majani. "Nilichora," alisema. "Nilikaa uani." Kisha akasema neno ambalo sijaweza kulisahau. "Nadhani nilichora."

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baluku alizungumza taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Ndugu yangu, mtu akisahau alama, kesho atasahau kuangalia kama ni mnyama au mtoto mwenye debe." Kisha akanigeukia. Kijiji kizima kilijua kazi yangu. "Wewe hukaa naye siku zote. Ulimwona akichora?"

Nilimtazama baba. Alikuwa akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba. Ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa zimekwenda wapi. Na daftari lilikuwa bado kichwani mwangu, na mshale ulikuwa mikononi mwa watu.

"Sikumbuki," nikasema.

Kidari kilikwenda kwa Baluku, na ngozi, na mnyama mzima. Alimtuma mtoto atuletee mguu mmoja wa nyuma, kwa huruma. Mama aliupika. Baba hakuugusa.

Waliosema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakusema nani anayeujua uchungu wa mzazi. Majuma matano baba alijipunguza mbele yangu kidogo kidogo. Alimkabidhi mama panga. Baiskeli akampa mdogo wake mama, akisema asije akasahau breki barabarani. Alikaa ukutani tangu asubuhi, na kila nilipopita aliuliza, "Nimefunga mbuzi?" Mbuzi walikuwa mbele yake, wanaonekana, wamefungwa. "Umewafunga, baba." Sikumwita tena afande, na yeye hakuniita sajini. Aliuliza tena baada ya dakika kumi. Cha ajabu, alikuwa hasahau zaidi kuliko zamani. Mimi niliyehesabu ndiye ninayesema. Alikuwa ameacha tu kujiamini, na mtu asiyejiamini huuliza hata jina la mchana. Mama aliacha kuimba akitwanga. Nilitaka kusema kila siku. Asubuhi nilijiambia jioni, jioni nilijiambia kesho. Nilikonda mpaka mwalimu akaulizia minyoo.

Alasiri moja tulikuwa tunapukuchua maharagwe, yeye na mimi, jamvi katikati yetu. Hakuinua macho. Alisema kwa Kikonzo, pole pole:

"Siku nikisahau kwamba wewe ni mtoto wangu, usikasirike. Haitakuwa mimi. Mwambie na dada yako."

Nikapasuka. Nilisema yote bila kupumua, wembe, Jumapili, tumbo la uongo, daftari la askari lenye wino mwekundu. Nililia mpaka maharagwe yakalowa. Niliinamisha kichwa kungoja kofi.

Kofi halikuja. Nilipoinua macho, mkono wa baba ulikuwa umejaa maharagwe, hajayaachia.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Mishale ilikuwa mingapi?"

"Saba."

"Na yote ilikuwa na alama?"

"Yote, baba. Ulihesabu. Moja, mbili, tatu. Ulinipa nipulize."

"Nilikupa upulize," alisema. Akarudia mara mbili. Kisha akapaza sauti, "Mama watoto, njoo. Njoo usikie huyu." Mama akaja na mwiko mkononi, nikasema mara ya tatu, na mwiko ukamponyoka.

Baba aliniagiza nishushe podo. Lilikuwa darini tangu siku ile, hakuna aliyeligusa. Alitoa mshale mmoja, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaupapasa kwa kidole gumba karibu na chuma, polepole, akirudi nyuma na kwenda mbele. Kisha akasimama hapo. "Huu hapa," alisema. Mkato mmoja ulikuwa umeingia sana, wembe wangu haukuufikia mwisho. Ulibaki mstari mwembamba kama unywele. Akamwonyesha mama. Akatafuta kwenye mshale wa pili, akapata mkato mwingine. Akakaa chini kizingitini na baba yangu akalia, kwa sauti, bila kujificha, na mama akakaa karibu naye wakalia wote wawili huku wanacheka, na mimi nikabaki nimesimama na podo mkononi, nisijue niende wapi.

Baada ya muda mama alifuta uso kwa kanga. "Nenda kwa Baluku. Waambie wote."

"Nitakwenda," alisema baba. "Si leo. Leo niache nikae nayo."

Jioni hiyo hakuuliza habari za mbuzi. Alikula mara mbili. Kwangu hakusema neno, si zuri si baya, nami nilijikunja kitandani nikisubiri, nikazidi kusubiri, mpaka nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi, kabla sijaenda kuteka maji, aliniita uani. Alikuwa amekata fimbo ya mti wa kahawa na kuisafisha majani. "Simama sawasawa, sajini," alisema. Akanichapa tatu, na kila moja aliitaja sababu yake. Ya kwanza kwa ajili ya mishale. Ya pili kwa sababu mama yako alikupikia uji. Ya tatu kwa lile neno ulilosema mbele ya wanaume. Nililia kweli, zilikuwa za moto. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, anasikiliza zile sababu moja moja. Baba hakusahau hata moja.